Siku ya Kulaza Kamba

Nyumbani kwetu mtoto hamtazami baba yake mdomoni. Baba akila, unatazama sahani yako. Akinywa, unatazama chini. Hakuna aliyenifundisha kwa maneno. Nilizaliwa nikakuta watu wanafanya hivyo, na kwa aibu niliyonayo sikuwahi kutamani kufanya vingine. Naanza na jambo hili kwa sababu ndilo lililokaribia kumuua baba yangu, na nataka lijulikane mapema kwamba si uchawi. Watu wa mbali wakisikia unatoka Sumbawanga wanacheka, wanakuuliza kama umesafiri kwa ungo. Hata hapa kwetu Msanzi, baba alipoanza kukohoa damu, walikuwepo waliotaja majina ya majirani. Waendelee kuyataja. Mimi aliyemuumiza baba nilimwona kwa macho yangu kwenye darubini: mwekundu, mwembamba, amejikunja kidogo kama kipande cha unyuzi kilichoangukia sakafuni.

Nimesoma mpaka darasa la saba. Naandika polepole, ukurasa mmoja unaweza kunichukua siku mbili, na nikikosea neno nalifuta mpaka karatasi inatoboka. Lakini naandika.

Baba ni msokota kamba. Mpakani mwa shamba letu la ulezi kuna mikonge aliyoipanda babu. Tunakata majani yake, tunayakwangua kwa ubao mpaka nyama ya kijani itoke, tunaosha nyuzi, tunazianika, na upepo wa huku Ufipa unazikausha upesi kuliko jua. Kisha baba anasokota. Uzi wa kwanza anausokota kuelekea kulia, wa pili kulia vilevile, halafu anaziacha zote mbili zikumbatiane kuelekea kushoto. Kila uzi unataka kujifumua, na katika kutaka huko ndimo zinamoshikana. Wafugaji waliohamia huku na ng'ombe wao wanamjua. Mmoja wao, mtani wake mkubwa, aliwahi kuvuta kamba ya baba kwa mguu na mikono miwili akashindwa kuikata, akasema, "Mzee, hii umemsokotea ng'ombe au umemsokotea shetani?" Baba akamjibu, "Nimesokota ya kukufunga wewe ukija bila kusalimia."

Kuna jambo moja katika kazi hii ambalo baba halifanyii mzaha. Kamba mpya haitumiki siku hiyohiyo. Inafungwa kutoka nguzo hii mpaka nguzo ile, katikati inaning'inizwa jiwe, inaachwa siku nzima. Anaita kuilaza. Siku moja unasokota, siku moja unalaza, siku ya tatu unakaza tena. Kamba isiyolazwa, anasema baba, haijakubali bado kwamba ni kamba. Ukiifungia ng'ombe leo, kesho utamtafuta ng'ombe.

Ugonjwa ulipopimwa ukaonekana ni kifua kikuu, na si kile cha kawaida bali kile sugu, ambacho dawa za kwanza hazikiwezi. Alipewa vidonge vingine, vya kumeza kila siku kwa miezi mingi. Muuguzi wa kituo cha afya alituuliza, "Nyumbani nani anajua kusoma?" Mama akanisukuma mbele. Nikapewa kadi yenye vyumba vidogo vidogo, kimoja kwa kila siku.

"Kazi yako ni moja tu," muuguzi akaniambia. "Mwangalie mpaka ameze, ndipo uweke tiki. Umenielewa?"

Nikasema nimeelewa. Kila asubuhi baada ya uji nilimpa baba vidonge na kikombe cha maji, nikainamia kadi. Nilisikia maji yakishuka. Nikaweka tiki. Tiki zangu zilikuwa nzuri, zimesimama kwenye mstari kama mahindi yaliyopandwa kwa kamba. Nilizionea fahari.

Miezi mitatu ilipopita, majibu ya makohozi yakarudi mabaya. Muuguzi alinifungulia kadi yangu juu ya meza yake, akaweka karatasi ya maabara pembeni.

"Hapa kadi inasema amemeza kila siku. Hapa maabara inasema vijidudu bado vipo hai. Nani muongo, mdogo wangu? Kadi au vijidudu?"

Nikazitazama tiki zangu.

"Nisikilize. Vidonge hivi vikimkataa baba yako, hapa hatuna vingine vya kumpa. Ukifika nyumbani kafikirie vizuri hilo."

Nilifikiria njia nzima. Nilipofika baba alikuwa amejilaza kibarazani juani, akaniomba nimsokotee uzi mmoja wa mteja aliyekuwa anasubiri. Sisi tukisokota tunapaka majivu viganjani ili nyuzi zisiteleze. Majivu ya baba yanakaa katika kopo la zamani la maziwa chini ya nguzo. Nikatia mkono. Vidole vyangu vikagusa vitu vigumu, vya mviringo. Nikadhani ni kokoto. Nikatoa kimoja, nikakipuliza majivu, nikakijua. Nikatoa kingine. Vilikuwa vingi hata nikaacha kuvitoa.

Ninyi mnaojua kusema mngepiga kelele. Mimi nilisokota ule uzi mpaka mwisho, nikampa mteja, nikasubiri aondoke. Ndipo nikaliweka kopo mbele ya baba, nikakaa.

Baba alilitazama. Wala hakushtuka.

"Sijaacha dawa, mama," akasema. Baba akinipenda au akinibembeleza huniita mama. "Nameza siku moja, nalaza siku moja."

"Unalaza?"

"Umewahi kuniona nasokota kamba siku mbili mfululizo bila kuilaza? Dawa kali namna ile. Ukiipa mwili kila siku, mwili utaikubali saa ngapi? Mwezi wa kwanza na wa pili nilimeza zote nikaona miguu inawaka moto. Tangu mwezi wa tatu nimeanza kulaza, na miguu imetulia."

"Muuguzi amesema kila siku."

"Amesema. Nikamuuliza kidonge kinafanya nini huko ndani kila siku. Akasema, mzee wewe meza tu. Mimi sijawahi kumfanyia ng'ombe jambo bila kujua linafanya nini, sembuse mwili wangu." Alikohoa, akafuta mdomo kwa kitambaa, akakikunja. "Kaniulizie. Ukirudi na jibu la mtu mzima, nitameza. Ukirudi na 'meza tu', nitaendelea kulaza."

Mama alikuwa mlangoni akichambua maharage. Alisema, "Mzee, utakufa kwa ubishi." Baba akasema, "Afadhali ubishi. Ubishi naujua."

Kesho yake nilikwenda kumuuliza muuguzi. Alikuwa na foleni ya akina mama wenye watoto, na nilichofanikiwa kupata kwake ni, "Kinaua vijidudu, mwambie ameze." Nilimpelekea baba jibu hilo nikijua halitoshi. Alitikisa kichwa.

"Hata rungu linaua. Nimeuliza kinauaje."

Nilikasirika, na kwa mtu mwenye aibu hasira ni kitu cha ajabu, hujui ukiweke wapi. Nilimkasirikia baba, nikamkasirikia muuguzi, lakini zaidi nilizikasirikia zile tiki zangu nzuri.

Wiki ile makohozi ya baba yalitakiwa kupelekwa mjini yapimwe upya, na kijana wa bodaboda anayebeba sampuli alikuwa ameanguka, mguu umevimba. Nikasema nitapeleka mimi. Muuguzi alinitazama kana kwamba kiti kimeongea. Akanipa kiboksi cha ubaridi, nikakifunga kwa kamba ya baba ili kifuniko kisifunguke njiani, nikapanda gari la Sumbawanga.

Maabara ina dirisha dogo la kupokelea. Ndani alikuwepo mtaalamu wa maabara, mwanamume wa makamo mwenye sweta chini ya koti jeupe, na kijana mmoja aliyekuwa kwenye mafunzo, ana spika ya masikioni sikio moja. Nikapokelewa kiboksi, wakatoa kichupa cha makohozi, wakanirudishia kiboksi na kamba yake. Nikabaki nimesimama.

"Umesahau nini, dada?" mtaalamu akauliza.

"Shikamoo. Nina swali."

"Marahaba. Swali gani?"

"Kidonge cha kifua sugu kinafanya nini huko ndani?"

"Kinaua bakteria."

"Kinauaje?"

Yule kijana akacheka. "Dada, umesoma mpaka wapi?"

"La saba."

"Basi mwambie mgonjwa wako kinaua, inatosha. Hayo mengine hata sisi chuoni yametutoa jasho."

Siku nyingine yoyote ningegeuka nikaondoka, na njiani ningetunga majibu kumi. Lakini nyumbani alikuwa ananisubiri baba na kopo lake la majivu. Nikavitazama viatu vyangu, nikasema, "Sijauliza ninyi yaliwatoaje jasho. Nimeuliza kinauaje."

Kisha mtaalamu akacheka mpaka akavua miwani. "Amekupata, mshikaji. Mlete ndani huku upande wa meza. Usiguse kitu, dada."

Ndipo nilipoonyeshwa kwenye darubini yule mwekundu. Aliniambia nisiogope, huyo amekwisha kufa na amepakwa rangi. Sikuogopa. Nilimtazama kwa muda mrefu. Nilitaka nimkumbuke.

"Sasa," akasema, "ndani ya huyo kuna uzi mrefu sana, mwembamba kuliko chochote unachokijua. Unaitwa DNA. Maelekezo yake yote ya kuishi yameandikwa humo. Ni nyuzi mbili zimesokotana."

"Kamba," nikasema.

"Wengi tunasema ni kama ngazi iliyopindwa."

"Nyuzi mbili zimesokotana ni kamba."

"Haya, kamba. Akitaka kuzaa lazima anakili yale maandishi, na ili ayasome lazima azifumue zile nyuzi mbili, aziachanishe. Sasa kidonge..."

"Haiwezekani," nikasema.

"Nini hakiwezekani?"

Maneno yalinikataa, kama kawaida yangu. Nikafungua kamba ya kile kiboksi. Ncha moja nikampa yeye, ya pili nikampa yule kijana, nikawaambia washike wasiache izunguke. Nikaingiza vidole katikati, nikaanza kuziachanisha zile nyuzi mbili. Pale katikati zikafunguka. Lakini huku na huku, karibu na mikono yao, kamba ikaanza kujisokota kupita kiasi, ikajikunja, ikatoa vifundo kama masikio ya mbuzi. Nikavuta zaidi. Haikufunguka tena.

"Ona," nikasema. "Ukiifumua katikati, msokoto hauishi. Unakimbilia mbele. Labda ncha ziwe huru zizunguke. Ncha za kwake zimeshikwa?"

Mtaalamu alivitazama vile vifundo. "Hana ncha," akasema taratibu. "Uzi wake ni duara. Umeungwa wenyewe kwa wenyewe."

"Basi hawezi kusoma. Atakwama."

"Ninyi mkikwama hivi mnafanyaje?"

"Tunakata. Tunaacha msokoto utoke, kisha tunaunga palepale."

Aliiweka ncha yake juu ya meza, polepole, kama mtu anayeweka yai. Akasema ndivyo hasa anavyofanya yule bakteria. Ndani yake kuna vimeng'enya, mafundi wadogo wadogo, kila mmoja na kazi yake moja asiyoiacha. Kuna mmoja anayekwenda mbele ya mahali uzi unapofumuliwa. Anakata nyuzi zote mbili, anaupitisha uzi kwenye pengo, msokoto unapungua, anaunga, anasogea, anakata tena. Asipokuwepo huyo, bakteria hawezi kusoma wala kuzaa.

"Na kidonge?"

"Kimoja kati ya vile anavyomeza baba yako kinakwenda kumshika fundi huyo mkono."

"Kabla hajakata au akishakata?"

"Akishakata," mtaalamu akasema. "Kabla hajaunga."

Mimi nimeishi na kamba tangu najua kutembea. Najua kamba iliyokatwa na haijaungwa ni kitu gani: kila uzi unarudi kwake, dakika chache tu na huna kamba tena, una rundo la nyuzi. Nilimwona yule mwekundu akifumuka ndani yake mwenyewe. Nilifurahi, sitasema uongo.

Lakini nilikuwa na swali la baba. "Na mgonjwa akimeza leo, kesho akapumzika?"

"Nguvu ya kidonge inapungua mwilini, ule mkono unaachiwa. Na huyu bakteria ana mafundi wengine ambao kazi yao ni ukarabati tu. Uzi wake ukikatika kwa sababu yoyote, wanakuja wanaunga. Ukimpumzisha, unawapa nafasi. Tena wapo wachache wanaozaliwa na fundi mwenye mkono wa umbo tofauti kidogo, kidonge hakiwezi kuushika. Dawa zote zikienda pamoja kila siku, hao nao wanakufa kwa zile nyingine. Dawa zikienda leo na kukosa kesho, hao ndio wanaobaki. Watazaa wa aina yao."

Akaongeza kwamba baadhi ya bakteria wana hata mafundi wa kukata kamba za wageni, yaani virusi wanaowaingilia. Nikauliza, "Kwa hiyo na wao wanaumwa?" Akasema ndiyo, na wao wanaumwa. Nililiweka hilo kwa ajili ya baba. Nilijua atalipenda.

Nilipokuwa nafunga kiboksi, yule kijana alitoa spika sikioni. "Dada, rudia ile ya kamba nichukue video."

"Shika ncha vizuri kwanza," nikamwambia. "Mara ya kwanza karibu uiache izunguke."

Nilifika nyumbani jua likiwa bado juu. Baba alikuwa amesimama kati ya nguzo zake, kamba mpya imefungwa, jiwe linaning'inia. Ilikuwa siku ya kuilaza. Sikusalimia vizuri hata, nilisema shikamoo nikipita, nikamwambia, "Baba, ifumue hii katikati."

"Kamba ya mtu?"

"Ifumue. Nitasokota nyingine mimi."

Aliingiza vidole akafumua. Vifundo vikaota huku na huku. Baba hakuvishangaa. Mkono wake ulikwenda wenyewe kiunoni ukachomoa kisu, kama unavyokwenda siku zote akikwama, akakata. Jiwe likaanguka chini, puu. Akazishika ncha mbili, aanze kuunga.

Nikamshika mkono.

Sijawahi kumshika baba mkono hivyo. Nilimkamata kifundo cha mkono kwa nguvu zangu zote, na ni mikono ya msokota kamba hii. Mama akaacha alichokuwa anafanya.

"Unga," nikasema.

"Nitaungaje na wewe umenishika?"

"Ndiyo dawa hiyo, baba. Kijidudu kina kamba ndani. Kikitaka kuzaa kinaifumua, kikikwama kinakata, na kidonge kinakishika mkono hapo, kimeshakata hakijaunga."

Tulisimama vile. Nyuzi za kamba yake zilikuwa zimekwisha kuanza kufunguka zenyewe, moja moja, zikichezeshwa na upepo. Baba alizitazama.

"Sasa leo ni siku ya kulaza," nikasema, nikamwachia mkono.

Vidole vya baba vikaanza kuunga. Hakuviamuru, ni vidole vilivyofanya hivyo miaka yote. Akafungua nyuzi, akazipishanisha, akasokota, akavuta. Alipofika katikati akasimama. Alikitazama kiungo kilichokwisha kushika, kizuri kuliko ambacho mimi nitaweza kukitengeneza maishani.

"Kumbe nilikuwa nawapa siku ya kuunga," akasema.

Jioni wakati wa kula ndipo akauliza, "Na vyenyewe vinaumwa?" kwa sababu nilikuwa nimemwambia na hilo. Nikasema ndiyo. Akasema, "Vizuri."

Kesho yake niliichukua kadi na vidonge vya kwenye kopo, nikaenda navyo kwa muuguzi. Baba alikuwa amenitajia siku alipoanza kulaza, na nilikuwa nimezifuta tiki zote za siku alizolaza, karatasi ikatoboka mahali pawili. Nilimwambia, "Kadi ndiyo ilikuwa muongo." Nilidhani atanifukuza. Alivimwaga vile vidonge kwenye karatasi, akavitazama vilivyo na majivu yake. Kisha akapiga simu mjini. Wakapima kama dawa bado zinaweza kufanya kazi. Siku zile za kusubiri majibu sitaki kuziandika. Yalirudi yakisema bado zinaweza. Ila miezi ihesabiwe upya tangu mwanzo.

Na hapa watu wangependa nimalizie. Baba kaelewa, baba kameza. Lakini kuelewa si kumeza. Niliyajua hayo kwa sababu mimi mwenyewe nilielewa tangu siku ya kwanza maana ya "mwangalie", na sikumwangalia.

Wiki kadhaa baadaye miguu yake ilianza tena kuwaka. Muuguzi alimpa dawa ya kupunguza maumivu, na yakapungua, hayakuisha. Asubuhi moja nilimpa vidonge kibarazani. Nikasikia maji yakishuka. Kalamu yangu ilikuwa imekwisha kufika kwenye chumba cha siku ile. Nikainua uso.

"Baba, fungua mdomo."

Mama aliinuka kwenye kigoda. "Wewe mtoto. Unamfungulisha baba yako mdomo?"

"Ndiyo, mama."

"Kama ng'ombe wa mnadani?"

Baba alinitazama, na mimi nikamtazama, na masikio yangu yalikuwa ya moto. Nilitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka, nikabaki palepale. "Fungua, baba. Inua na ulimi."

Akafungua. Niliona meno yake, mawili hayapo upande wa kushoto, sikuwahi kujua. Niliona ulimi ukiinuka taratibu, na chini yake, pembeni, kidonge kimoja kimekaa, kimeanza kulainika. Sote wawili tulijua ni kile kinachochoma miguu.

"Ni miguu, mama," akasema. "Leo tu."

"Leo ndiyo siku vijidudu vinayoitaka."

Nikamjazia kikombe maji mengine. Alikishika kwa muda. Nilisikia jogoo, nikasikia mama akipumua nyuma yangu. Baba akanywa. Kisha, bila kuambiwa, akafungua mdomo, akainua ulimi, akaugeuza kulia na kushoto nione vizuri. Nikaweka tiki. Ilikaa upande, mbaya, kwa sababu niliiweka macho yangu yakiwa bado mdomoni mwa baba. Ndiyo tiki ninayoiamini kuliko zote kwenye kadi ile.

Tangu siku hiyo nilitazama kila asubuhi. Habari zilienea, kama zinavyoenea. Kisimani niliulizwa kama nyumbani kwetu siku hizi watoto wanawapima wazazi meno. Nilichota maji yangu, na sikuinama. Siku ya mnada wa Matai, baba alipopata nguvu ya kwenda tena, mtani wake mfugaji alimuuliza mbele ya watu, "Mzee, nimesikia binti yako anakukagua mdomo." Baba alikuwa na kisu mkononi, ameikata kamba ya mteja aiunge. Akamwambia, "Njoo nikuonyeshe kwa nini." Akampa kisu na zile ncha mbili, akamshika mkono. "Haya, unga."

Majibu ya makohozi yalianza kurudi safi, mwezi mmoja, kisha mwingine, kisha yote yaliyofuata. Siku ya kidonge cha mwisho muuguzi alikuja mwenyewe nyumbani. Baba alikaa kibarazani, kamba mbili zimelazwa nyuma yake, mawe yananing'inia. Alimeza. Akafungua mdomo kwa upana wote, mbele ya muuguzi, mbele ya mama, mbele ya majirani waliosimama njiani wakijifanya wanapita.

Mama alitazama maharage aliyokuwa akichambua. Mimi nilitazama mdomoni, mpaka nyuma kabisa, ndipo nikaweka tiki.